Gramu Tano kwa Kila Donati

Lebo ya donati za mama niliiandika mimi, mwenye C ya hesabu na kiburi cha A. Mama alitaka historia tu: kwamba bibi yake alianza kuzitoboa katikati baada ya kuchoka kuuza donati zilizoiva nje, ndani uji. Mimi nikaongeza virutubisho. Nilipima unga, sukari ya kukandia, na mafuta kabla na baada ya kukaanga, nikagawa. Sukari: gramu tano kwa kila donati. Nikajiona profesa.

Leo asubuhi nikaingia chumba cha pili, nikamkuta dada kwenye kazi yake ya kila siku: anazigaragaza donati kwenye sinia la sukari, huku na huku, mpaka zinameremeta.

 Hesabu zangu ziliishia jikoni, kwenye karai.

"Hiyo sukari unaweka kiasi gani?"

"Kadiri inavyoshika. Umekuwa mkaguzi lini?"

"Mjomba kachukua?"

"Nne. Anasema mpwa wake kamrahisishia maisha."

Mjomba ana kisukari. Anajidunga insulini kwa kufuata namba, na namba zenyewe ni zangu. Nikapiga simu, ikaita weee, kimya. Nikatoka mbio.

Nilimkuta kwenye kibanda chake cha ushonaji, kaegemea cherehani, anakunywa maji kama ngamia.

"Mjomba, umekula ngapi?"

"Umetumwa kuzidai? Tatu. Ya nne naipa heshima kwanza."

Akajichoma kidole. Kipimo kikasoma kumi na saba; siku zote yake haizidi kumi. Akakitikisa.

"Kimeharibika hiki."

"Kizima. Aliyeharibika ni mimi." Nikamweleza habari za sinia.

"Namba zote zile, ukasahau sukari inayoonekana kwa macho?"

"Na wewe hukuiona?"

"Niliiona! Nikalamba na vidole, nikijua msomi keshaihesabu."

 Nesi wake, kwa simu, akamtajia dozi ya kuongeza, akasema apime kila saa. Ikizidi kupanda, aende hospitali haraka. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, macho kwenye saa ya ukutani. Saa ya kwanza, kumi na sita. Hakuna aliyetania. Saa ya pili, kumi na mbili.

Mjomba akashusha pumzi. "Na wengine wanaosoma lebo zako?"

Nikampigia mama. "Usiruhusu katoni itoke!"

"Ilishatoka zamani. Ya kantini ya zahanati. Kwani vipi?"

Nikamtazama mjomba, kipimo bado mkononi mwake.

"Mimi sifi leo," akasema. "Kimbia."