Debe la Pili la Mama Gertruda

Namba 0147 ilikuwa imegeuka nyekundu kwenye kioo cha simu, na mwenye namba hiyo alikuwa ameketi mbele yangu, mikono juu ya magoti, akisubiri nimweleze rangi hiyo ina maana gani.

"Gaudiosa, mwanangu, nimekosa nini?"

Mimi ni karani wa mizani kwenye mtambo wa kumenya kahawa wa chama chetu, hapa Mpepai, huu ukiwa msimu wangu wa tatu. Mama Gertruda ni mjane mwenye miti themanini ya kahawa bondeni, mizee kama yeye. Nilimwambia nilichoagizwa kusema: katika konzi ya matunda iliyochukuliwa kwake kama sampuli, maabara imekuta dawa ya wadudu. Kahawa yake imewekwa kando, na shamba lake litafungiwa misimu miwili. Mizigo mingine yote iliyopimwa siku moja na wake, ya familia arobaini, imezuiliwa ghalani mpaka chanzo kithibitishwe.

"Dawa?" alisema. "Mimi hata bomba la kupulizia sina."

Nilijua hana. 

Bwana Hamphrey, mtaalamu aliyetumwa na mnunuzi, alitazama saa yake. Ni mtu mpole, na siku ile nilimchukia bure. Ndiye aliyekuja mwanzoni mwa msimu kutufundisha blokcheni. Kila mzigo unaandikwa, alisema, maandishi yanafungwa kwenye yale yaliyotangulia, na nakala zinakaa kwenye kompyuta nyingi zilizo mbalimbali. Mtu akichezea moja, nyingine zinamuumbua. Mnywaji wa ng'ambo atamulika pakiti kwa simu na kuliona shamba lenyewe. Nilipiga makofi kuliko wote, kwa kuwa daftari letu la zamani wakubwa walikuwa wakilifuta watakavyo, na nilikuwa nimechoka kunyamaza.

"Dada Gaudiosa, thibitisha tu kwamba mzigo ulitoka 0147," alisema. "Lori linaondoka saa sita."

Ilikuwa saa tano na nusu. Nje, kando ya vichanja vya kuanikia, wanachama walikuwa wamesimama makundi makundi, na Protasi, jirani wa mama Gertruda, alikuwa miongoni mwao. Niliomba dakika tano nikatoka.

Siku mzigo ule ulipopimwa ilikuwa ngokela, siku ambayo majirani tunakusanyika kumchumia mmoja wetu, na zamu ilikuwa ya mama Gertruda. Miti yake ilitoa debe moja tu. Kwetu, mtu wa ngokela akifika mizani na debe moja, aibu ni ya waliomsaidia. Protasi akaondoka kimya, akarudi na debe la kahawa ya kwake, akaliweka kando ya lile la kwanza. Mimi nilikuwa nimeshika simu. Nikaandika: shamba 0147, madebe mawili. Nilijiona nimeandika wema. Kwamba Protasi alikuwa amepuliza dawa, na amekatazwa kuleta kahawa kwa wiki tatu, nilikumbuka. Nilijisahaulisha.

"Baba Protasi," nilimwambia, "lile debe."

Aliangalia chini. "Mimi sikuuza, Gaudiosa. Nilikatazwa kuuza. Nilimjazia mwenzangu."

Hakuwa akijitetea. Ndivyo alivyoamini, na ndivyo nilivyoamini mimi siku ile.

"Wanataka kumfungia yeye."

"Ukiniandika, nitafungiwa mimi, na watoto wawili wako sekondari." Akainua macho. "Na wewe utaulizwa macho yako yalikuwa wapi."

Nilirudi ndani. Nikamuuliza Bwana Hamphrey kama niliyoyaandika yanaweza kufutwa.

"Hayafutiki. Unaweza kuongeza maelezo chini yake, kwa jina lako. Yataonekana yote mawili, siku zote."

Niliogopa, sifichi. Nililitaka daftari lisilofutika kwa ajili ya uongo wa watu wengine. Sikuwahi kuwaza kwamba uongo wa kwanza kukaa humo utakuwa wangu.

Mama Gertruda alinisoma usoni, akanishika mkono. "Usimwandike Protasi. Alinisitiri mbele za watu, nami nimchongee? Nifungieni mimi."

"Mama, wewe hukupuliza."

"Nifungieni mimi, nimesema."

Niliutoa mkono wangu taratibu, nikaanza kuandika: Debe la pili halikutoka 0147. Niliona likiletwa, nikaandika uongo. Gaudiosa, karani. Simu ikauliza: limetoka shamba gani? Niliacha wazi. Ikakataa kufunga maandishi. Nikajaribu tena, ikauliza tena. Saa ya ukutani ilikuwa saa sita kasoro dakika nane, na dereva alikuwa ameshawasha lori.

Mlango ukaingia giza. Protasi alikuwa amesimama pale, kofia mkononi. Dirisha lilikuwa wazi muda wote. Alikuwa ameyasikia yote.

"Ni shamba langu, 0152," alisema. "Andika."

Niliandika, nikabonyeza. Wekundu ukaondoka kwa mama Gertruda, ukahamia kwake.

"Itabidi nikutolee taarifa, dada," Bwana Hamphrey alisema kwa sauti ya chini. Niliutoa ufunguo wa chumba cha mizani shingoni, nikauweka juu ya meza.

Mama Gertruda alinyanyuka, akajifunga kanga upya. Hakunishukuru. Alisimama mbele ya Protasi, akamtazama, kisha akanigeukia.

"Mwakani debe langu likiwa moja," aliuliza, "nani atathubutu kunijazia?"

Bwana Hamphrey alitoka kwenda kumruhusu dereva. 

Lori lilipoondoka na mizigo ya wale arobaini, Protasi aliyaokota madebe mawili matupu ya siku ile ya ngokela yaliyokuwa kando ya mizani, akayapachika moja ndani ya lingine. Wakashuka bondeni, yeye mbele na madebe, mama nyuma.