Msiba wa Walter

Alhamisi asubuhi Marlene, jirani wa Gulizar, alibisha hodi macho yamemvimba. Alisema maneno mengi, na katika hayo yote Gulizar aliambulia matatu tu: Walter, kufa, Jumamosi. Yalimtosha. Alimkumbatia, akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake, kisha akampigia simu mwanawe Rebwar kazini.

"Mume wa jirani amefariki."

"Lile jitu la ndevu? Maskini. Nenda ukawape pole, mama. Mimi Jumamosi niko kazini."

Kule kwao Duhok, kabla Rebwar hajamleta Nashville, msiba haukuitwa msiba mpaka Gulizar afike. Alikuwa na sauti ya kumliza hata adui wa marehemu. Tangu aje Marekani sauti hiyo ilikaa bure, maana watu wa mtaa ule walikuwa kama hawafi. Kila asubuhi walikuwa wanakimbia barabarani bila kufukuzwa na mtu.

Jumamosi alivaa nyeusi, akabeba sufuria la dolma, wali uliofungwa kwenye majani ya mzabibu, akaenda. Alichokikuta uani kilimkera. Watu wamesimama na vikombe mkononi, wengine na kaptula, wananong'ona kama wako benki. Mmoja anacheka. Hakuna aliyekaa chini wala aliyejipiga kifua. Mezani mshumaa unawaka, basi.

Akatua sufuria, akafungua koo.

"Walter, nguzo ya nyumba, umemwachia nani mkeo? Nani atamfungulia mlango? Nani atamkoromea ubavuni?"

Alilia kwa Kikurdi na hakuna aliyeelewa, lakini yule aliyekuwa akicheka ndiye aliyeanza kupangusa macho. Wengine wakafuata. Mzee mmoja mwembamba aliketi kwenye majani, akalia kwa kwikwi.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mume wa Marlene, mzima kabisa, na trei ya soseji.

Gulizar akanyamaza. Marlene, machozi yakimtiririka, akamwonyesha picha iliyokuwa nyuma ya mshumaa: mbwa wa manjano, kavishwa tai.

Angeweza kuondoka. Lakini hakuwahi kukatiza kilio katikati, na watu walikuwa wanamsubiri. Akavuta pumzi, akabadilisha maneno.

"Walter, uliyeikojolea nanaa yangu kiangazi kizima. Uliyebweka kila niliposali. Nenda, mwana wa mbwa, na leo wala sikutukani."

Wakazidi kulia. Marlene alimng'ang'ania shingoni, hakutaka kumwachia.

Jioni Rebwar alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Mama, umemlilia mbwa."

"Si wewe uliyenituma?"

"Wakisikia Duhok je?"

"Watasikia kwa nani? Fungua mdomo wako uone, nitakulilia wewe ungali hai."

Wiki iliyofuata yule mzee mwembamba alikuja na maua. Rebwar akatafsiri huku akiuma mdomo: paka wake ni mgonjwa, daktari amekata tamaa. Je, mama angekubali kuja siku ikifika?

"Nimwambie unaumwa?" Rebwar aliuliza.

Gulizar alifikiri kidogo.

"Paka ni safi," alisema. "Mkaribishe ndani. Aniambie jina lake, na tabia zake zote, nzuri na mbaya. Sitamlilia tena nisiyemjua."

Mzee akaketi, akatoa simu yake, akaanza kuonyesha picha. Chai ilipoa mbele yake, naye alikuwa bado yuko kwenye utoto wa paka.