Kilo Sabini na Mbili

Usiku wa kuamkia leo niliota kigari changu cha dizeli kinaumwa, nami nimekipeleka kliniki.

Niseme kwanza kwa nini nililala vibaya. Leo ilikuwa siku ya kumpeleka mwanetu Lugano Kyela, bibi yake mzaa mama amwone kwa mara ya kwanza. Mke wangu Tusekile alikuwa amekwisha kuamua kwamba yeye na mtoto watapanda basi. Mimi, nikipenda, nifuate nyuma na gari langu tupu.

Hakuwa na hasira. Mwezi uliopita tulikuwa tunateremka kutoka kwetu Tukuyu, nikaweka free, yaani nikatoa gia, kama kawaida yangu, gari likaserereka lenyewe, nami nikafurahia mafuta niliyodhani nayaokoa. Kwenye kona ya tatu breki zikaanza kunuka. Kwenye kona ya nne nilikanyaga hadi chini na hakuna kilichotokea. Tulisimamishwa na tuta la udongo kando ya shamba la chai. Hakuna aliyeumia. Tusekile alimfunga mtoto mgongoni akarudi nyumbani kwa miguu, na tangu siku hiyo hajagusa mlango wa gari lile.

Mimi nilitengeneza breki, nikasema tatizo lilikuwa breki. Kuweka free nilifundishwa na baba yangu, Mzee Gwamaka, aliyeendesha malori miaka thelathini na kufariki miaka minne iliyopita. Alikuwa akiniambia kuwa mteremko ni mafuta ya bure. Sikuwa tayari kumkosoa mtu ambaye hawezi tena kujitetea.

Sasa ndoto yenyewe.

Kliniki kuna foleni ya magari madogo ya dizeli, kila moja na kadi yake. Muuguzi ni mshale wa mafuta wa gari langu mwenyewe. Ni mwembamba, mwekundu, na ameegemea kushoto kama nilivyomzoea. Ananiuliza mgonjwa anakunywa kiasi gani. Namjibu lita tano kwa kilomita mia. Anaandika saba. Namwambia nimesema tano. Ananiambia amenisikia.

Tairi zote nne zimekaa kwenye benchi. Zinalalamika kwamba hazijala upepo tangu Pasaka, na kwamba zikiwa na njaa huburuta miguu, kisha injini ndiyo inayolipia uvivu wao. Mshale anazilisha upepo kwa kijiko, moja baada ya nyingine, na kuzifuta midomo. Juu ya keria amekaa abiria nisiyemjua, amejifunika koti zito. Anasema yeye ndiye upepo wa mbele, alipanda Uyole miaka miwili iliyopita na hakuna aliyewahi kumwambia ashuke. Tunafungua keria, naye anaondoka akikunja koti lake.

Kisha gari linavalishwa kaptula ya kitambaa, ile ya kupimia watoto, na kuning'inizwa kwenye mizani. Linarusha mateke kidogo.

“Limezidi,” Mshale anasema. “Punguza mzigo.”

Natoa jeki mbili, ndoo ya mchanga na mkungu wa ndizi ambao sikumbuki niliupakia lini. Mshale anapima tena, halafu ananiangalia kwa huruma.

“Bado kuna kilo sabini na mbili ambazo hazina mwenyewe.”

Kilo hizo nazijua. Ndizo alizokuwa nazo baba kabla hajaanza kuugua. Nageuka, na kweli, amekaa kiti cha mbele cha abiria. Amekisukuma kiti nyuma kabisa, maana alikuwa na miguu mirefu na kila alipopanda gari langu alianza na kazi hiyo. Namsalimu shikamoo. Anaitikia marahaba na kuuliza mbona tunachelewa.

Tusekile yupo pale, amemfunga Lugano mgongoni, amejitanda kitenge kichwani na kutupa mgongo. Kwetu Wanyakyusa, kwa desturi ya wazee, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani wala hawakai mahali pamoja. Baba naye amegeuzia uso dirishani, kwa heshima hiyo hiyo.

“Mwambie mwenzako apande,” ananiambia.

“Hawezi kupanda, baba. Wewe umo.”

Sakafu ya kliniki inainama, nasi tunateremka barabara ya Kyela. Tusekile anatembea kando ya gari, bado ametupa mgongo, wala hatumwachi ingawa tunakwenda kilomita themanini kwa saa. Baba ananiambia niweke free. Naweka.

Hapo hapo kwenye dashibodi linafunguka dirisha dogo kama la posta. Ndani yumo Nozeli, yule anayepulizia injini mafuta, mzee wa ofisini mwenye shati lililopigwa pasi. Mbele yake ana kidumu cha dizeli na kijiko cha chai. Anachota, anainywesha injini, anachota tena.

Namuuliza anafanya nini, wakati huu ni mteremko na mafuta ni ya bure.

“Bure ya nani?” ananijibu. “Umeikata injini isishikane na magurudumu. Nisipoinywesha itazimika. Ukiteremka ndani ya gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha, nami nafunga dirisha nikapumzike.”

Naweka gia ya tatu. Dirisha linafungwa, nje panatundikwa karatasi yenye maneno “Nimekwenda kula.” Naweka free. Linafunguka, na kijiko kinaingia kidumuni. Narudia mara tatu, maana mimi ni mbishi. Mara zote tatu ni hivyo hivyo.

Chini ya mguu wangu Breki anatetemeka. Ana homa kali. Naingiza gia ya pili, gari linajizuia lenyewe, na homa inaanza kushuka. Nikaona aibu ambayo sijapata kuiona nikiwa macho.

“Baba,” nasema, “free inakula mafuta.”

“Nani kasema?”

“Nozeli.”

Anafikiri kidogo. Anasema kwenye malori yake hakuwahi kumuuliza.

“Na mwezi uliopita nusura imuue Lugano.”

“Lugano ni nani?”

Nilisahau kwamba alifariki kabla mtoto hajazaliwa. Namwambia ni mwanangu, ana miezi kumi na mmoja, na yuko hapo nje mgongoni kwa mama yake. Baba anataka kugeuka amwone, lakini mtoto yuko mgongoni kwa mkwewe, kwa hiyo hageuki. Anabaki anatazama shamba la chai upande wake.

“Simamisha gari,” anasema.

Nasimamisha kwenye kona ya nne. Anashuka, mguu mmoja kisha mwingine.

“Kiti nimekiacha nyuma. Mama wa mtoto akisogeze mwenyewe. Mimi siwezi kushika anapokaa.”

Nilimpenda sana baba yangu, nami nilimwacha pale kandokando ya barabara, nikaondoka kwa gia ya pili nikilia.

Niliamka kumepambazuka. Ufunguo wa gari ulikuwa chini ya mto wangu, mahali nilipouweka tangu jana mchana. Tusekile alikuwa uani, mtoto mgongoni na begi mkononi, anajiandaa kwenda stendi. Nilitoka vile vile na msuli wangu wa kulalia, nikamwambia kwamba nilikosea, kwamba hazikuwa breki, ilikuwa ni free, na kwamba leo nateremka kwa gia ya pili hadi Kyela hata kama nitapitwa na baiskeli. Tusekile akalisogelea gari, mara ya kwanza tangu siku ile, akachungulia dirishani.

“Baba Lugano,” alisema, “ulimpakia nani hapa?”

Nikachungulia nami. Wa mwisho kukaa pale alikuwa yeye mwenyewe, na yeye ni mfupi, hukaa magoti yakikaribia dashibodi. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa.

“Baba,” nikasema. “Lakini ameshashuka.”

Tusekile aliinamisha macho chini, akavuta kitenge chake kichwani, kama alivyokuwa akifanya zamani mzee akipita njiani. Halafu akanikabidhi begi, nikamfungulia mlango, akapapasa chini ya kiti, akakisogeza mbele mpaka mahali pake, akamshusha Lugano mgongoni na kumpakata.