Sahani ya Tatu

Cheni ilianguka tena. Mara hii iliangukia ndani, ikajibana kati ya sahani ndogo ya meno, pale kwenye pedali, na fremu ya baiskeli, na shemeji yake Mama Kasi akatukana chini kwa chini asisikiwe na mkewe aliyekuwa akifua.

Mama Kasi alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, goti bovu amelinyoosha. Jina hilo walimbandika wapeleka vifurushi wenzake, enzi ghala la kampuni liko bondeni na yeye akiwapita kana kwamba wamesimama. Sasa ghala limehamia kileleni, goti limegoma, na baiskeli yake ya mwendo kasi ilikuwa na sahani mbili tu za mbele, zote nzito kwa mlima ule. Ndipo shemeji yake, fundi baiskeli, akamtafutia sahani tatu na ekseli ndefu ya kuzibeba. Asubuhi hii kulikuwa na ukaguzi wa baiskeli kazini. Asiyepita, kazi hana.

"Hii ina nini lakini?" shemeji aliuliza, akikaza skrubu aliyotoka kuilegeza. "Nikiipandisha inarukia kubwa. Nikiishusha inazama ndogo. Ya kati haitaki hata kuiona. Imerogwa hii."

"Usimsingizie mchawi, shemeji. Ana kazi zake."

Mama Kasi akainua gurudumu la nyuma, akazungusha pedali kwa mkono, akabonyeza kibadilishio cha gia kwenye usukani. Ta. Akarudisha. Ta. Akarudia, haelewi, kisha akaangua kicheko.

"Shemeji, hiki kina vituo viwili tu. Ni cha sahani mbili! Tunaionea cheni bure."

Fundi akajikuna kisogo. "Na nilikifunga mwenyewe. Kweli nyani haoni kundule."

Akafukua kwenye kopo la vyuma, akatoa kibadilishio cha kizamani kisicho na vituo vyovyote, akakifunga kwenye bomba la fremu. Hicho unakisukuma taratibu mpaka sikio likuambie cheni imekaa. Ikakaa.

Ukaguzi ulifanyiwa kwenye geti la ghala la zamani, bondeni, kwa kuwa mkaguzi hakupenda kupanda mlima. Aliinama, akatazama, akatikisa kichwa.

"Hii siyo. Iliyosajiliwa ina sahani mbili."

"Ni hiyohiyo. Nimeongeza moja."

"Ukiongeza, siyo hiyo tena. Kalete ya mwanzo."

"Ya mwanzo ndiyo hii!"

"Mama, mimi baiskeli sizijui. Najua sahani mbili."

"Na mlima, mliusajili?"

"Huo hauhusiki."

Mama Kasi alisimama pale, kichwa kizito. Kwa sahani mbili asingefika kazini. Kwa tatu ndiyo hivi anafukuzwa. Alitafuta kosa lake ni lipi, hakuliona, na hasira zikampanda. Akapanda baiskeli.

"Unakwenda wapi?" mkaguzi akafoka.

"Kuitafuta ya mwanzo," akajibu bila kugeuka, akaelekea mlimani.

Palipoanza kuwa pakali akasukuma kibadilishio, akatega sikio, cheni ikashuka kwenye sahani ndogo. Goti liliuma, ila lilikubali. Mbele yake aliwakuta wenzake waliopita ukaguzi, wote wameshuka, wakisukuma baiskeli zao kwa mikono huku wakihema.

"Mama Kasi, umepita?" mmoja akamuuliza.

"Sijui," akasema, akaendelea kukanyaga.