Mpira Ungali Juu

Jumamosi ya mechi, watu walipomaliza chakula cha mchana, Manase alifungua kufuli la bomba, akalining'iniza kwenye mkanda wa suruali, akaenda kukaa kwenye benchi la Kusini. Kijiji chao kiko nje kidogo ya Mkiwa na barabara ya lami imekikata vipande viwili. Kusini wanalima alizeti na uwele, Kaskazini wanafuga. Bomba la sola liko Kusini, na Manase ni mwenyekiti wa kamati ya maji.

Tangu ng'ombe walipoingia kwenye alizeti na watu wakapigana fimbo, Kaskazini walichota maji ya mchangani, korongoni, pamoja na mifugo yao. Halafu ukaja mradi wa ujirani mwema, na jezi za rangi mbili kwa timu za wasichana, na kikao kirefu chini ya turubai. Kikao kilikubaliana mambo mawili. Siku ya mechi, bomba liwe wazi kwa wote mpaka filimbi ya mwisho. Na refa asipige filimbi mpira ukiwa hewani, maana mwaka uliotangulia filimbi ililia mpira ukielekea golini, na nyumba ya refa ikachomwa moto. Wakubwa wa pande zote walikunywa maji ya bomba hilo kutoka kibuyu kimoja. Aliyekunywa hakani alichokubali.

Shida ya mechi ni kwamba inaisha. Kusini walipanga madumu yao tangu asubuhi, na kila Jumamosi filimbi ililia kabla Luciana wa Kaskazini hajalifikia bomba. Binti yake mdogo, Cecilia, alikuwa ametoka kulazwa Manyoni kwa tumbo. Daktari alikuwa amesema maji ya korongo basi.

Binti yake mkubwa, Asnath, alikuwa beki wa Kaskazini. Mechi ilipokuwa ukingoni alimwona mama yake kwenye foleni, ndoo kavu kichwani. Akamwona na Hezekia, refa, akiitafuta filimbi kifuani. Mpira ulikuwa mguuni mwa Asnath. Hakulenga goli. Aliupiga juu.

Mpira ulipita milingoti, ukapita mabamba ya sola, ukafika pale mwewe wanapozunguka, ukasimama. Kutoka chini ulionekana mdogo kama ndimu.

Hezekia aliuangalia, filimbi mdomoni. Kisha akaitoa.

"Uko hewani," alisema.

"Mzee Hezekia, muda umekwisha," Manase alisema.

"Umekwisha, ndiyo. Mpira haujashuka. Mwenyekiti, si ulikunywa kwenye kibuyu?"

"Nilikunywa."

"Basi kaa."

Manase akakaa. Baadaye kidogo akapendekeza uletwe mpira mwingine. Hezekia alimjibu kwamba mpira wa mechi ni mmoja, na kwamba akiendelea kuongea atapewa kadi.

Winfrida, nahodha wa Kusini, alimkaribia Asnath, mikono kiunoni.

"Wewe, teke hilo umefundishwa na ng'ombe wenu?"

"Ndiyo. Na ninyi alizeti imewafundisha kuangalia juu."

Winfrida alicheka mpaka akakaa chini. Foleni ikasogea. Jua lilipozama Luciana alijaza ndoo, akaipeleka nyumbani, akarudi na dumu.

Mechi iliendelea. Hezekia aliruhusu wachezaji kutoka wawiliwawili, mmoja wa kila upande, kwenda kulala. Akina mama walileta ugali wa uwele na mlenda mpaka kwenye mstari. Mbuzi walioingia uwanjani walitolewa, kwa kuwa hawakusajiliwa. Wakristo waliimba nyuma ya goli moja, Waislamu wakaswali nyuma ya jingine. Upepo wa Singida ulikuja na vumbi lake, ukang'oa turubai la kikao na kulitupa ng'ambo ya barabara. Mpira haukuyumba. Wanawake wa Kaskazini wakatunga wimbo wa kuchotea:

*Mpira u juu bado, ndoo zetu zinajaa,*
*Mwenye kufuli tulia, mchezo waendelea.*

Wa Kusini waliokuwa kwenye foleni hiyohiyo wakajifunza wimbo. Una mdundo mzuri, walisema.

Wageni wa mradi walikuja na kamera. Waliuliza kombe litatolewa lini, wakaambiwa mpira ukishuka. Wakapiga picha ya Asnath na Winfrida wakisukana nywele katikati ya uwanja, wakasema ujirani umeimarika, wakaondoka.

Siku hiyo Asnath aliomba ruhusa kwa refa, akaenda kwenye benchi la Kusini.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu."

"Cecilia amepona. Naomba bomba liwe wazi hata bila mechi."

Manase alimtazama kwa upole. Wakati huo alikuwa akilipaka kufuli mafuta ya alizeti ili lisishike kutu.

"Mechi ikiwepo, chota mpaka uchoke. Tulikubaliana. Mechi ikiisha, nafunga. Hilo nalo tulikubaliana."

"Hata kwa mtoto?"

"Bomba ni la Kusini, mwanangu."

Asnath alisema asante, kwa sababu Manase ni mtu mzima, akarudi kwenye nafasi yake.

Mvua zimekuja, alizeti imechanua pande zote za uwanja. Wenye macho makali wanasema mpira umeanza kushuka, polepole. Zamani ulikuwa ndimu, sasa ni boga changa. Manase ameuona pia. Kila alasiri husimama kando ya bomba, kufuli mkononi, likiwa wazi na tayari. Hana hasira na mtu.

Luciana bado anachota. Hezekia amesimama na filimbi yake. Asnath amebadilisha soksi, amefunga kamba za viatu mafundo mawili mawili, na amesimama chini ya mpira, ameinua uso. Winfrida amempisha nafasi ya kurudisha mguu nyuma.