Jumapili ya Fruita

Jumatatu, tarehe kumi na nne Aprili. Alfajiri jalidi ilikuwa imelala juu ya nyasi za mji mdogo wa Nephi, na mlima Nebo ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni. Verla Stott alitoka nje na koti juu ya gauni la kulalia, akachuma ua moja la mpichi wake na kulipasua kwa kucha. Katikati palikuwa peusi. Alirudi ndani, akapiga magoti kando ya kitanda kama kila siku, na hakuomba lolote kuhusu maua. Yaliyokwisha kufa hayaombewi.

Jioni alikwenda kwa mwanawe Garn, nyumba ya tatu kutoka kwake. Jumatatu jioni ilikuwa ya familia: wimbo mmoja, sala, shauri kama lipo, kisha kitu kitamu. Safari hii shauri lilikuwepo. Mwezi Julai, shule zikifungwa, wangezunguka hifadhi za jangwani kwa gari, na Garn alikuwa ametandaza ramani kwenye meza ya chakula, ameibana kwa vikombe vya maziwa ili isijikunje.

Garn alikuwa fundi bomba, na alipanga safari kama anavyopanga mabomba: kila kipande kiingie kwenye mwenzake bila kuvuja. Alianza Zion, akapanda Bryce, akavuka kwenda mashariki mpaka Moab, kwenye matao ya mawe na magenge ya mto. Kaylene, mkewe, aliuliza habari za maji ya kunywa, na Garn akasema yatakuwepo mengi kuliko watakavyoweza kunywa. Brynlee, binti yao wa miaka kumi na sita, aliuliza kama hoteli ya Moab ina bwawa la kuogelea. Lilikuwepo.

Verla alifuata kidole cha mwanawe juu ya ramani. Kilipofika hifadhi ya Capitol Reef, hakikusimama. Kilipita Fruita, bonde la matunda lililo ndani yake, kama inzi anavyopita juu ya sahani tupu.

"Hapo tunapita tu Jumamosi mchana," Garn alisema. "Jumamosi usiku tuwe Moab, ili Jumapili tusiendeshe gari."

Hilo halikuhitaji maelezo. Jumapili hawasafiri, hawanunui, hata petroli. Mahali utakapolala Jumamosi ndipo utakapokaa mpaka Jumatatu, kwa hiyo katika safari zao zote swali kubwa lilikuwa hilo moja: Jumapili itawakuta wapi.

Verla alitaka imkute Fruita. Alizaliwa huko, kabla serikali haijanunua mashamba ya bonde lile na kuyafanya hifadhi. Miti ya matunda iliachwa, na sasa mgeni yeyote aweza kuingia akala aprikoti chini ya majabali mekundu. Mmoja wa miti ile baba yake aliubebesha kitawi cha mti mwingine kwa mikono yake, Verla akimshikia kamba ya kukifungia. Haukuwa na kibao wala jina. Ulikuwa na pete ya chuma ya bembea ya utotoni, ambayo gome lilikuwa limeimeza mpaka ukabaki uvimbe tu, na aliyejua uvimbe ule uko upande gani alikuwa Verla peke yake. Dada zake walikwisha kufa. Moyo wake mwenyewe daktari aliusikiliza sasa kwa muda mrefu kuliko zamani. Akiondoka bila kuuonyesha, ungebaki mti kama miti mingine.

Lakini hakuwahi kumwambia Garn neno lolote kati ya hayo. Kila Krismasi alimpa chupa ya jemu ya aprikoti, akadhani chupa imesema.

Brynlee alieleza kwamba alipiga simu ya hifadhi mchana, na sauti iliyorekodiwa ikasema baridi ya mwezi huu imechukua karibu aprikoti zote za Fruita.

"Ndiyo maana," Garn alisema, bila kumtazama mama yake. "Hakuna tunda, na joto la pale ni la tanuri." Kisha akainua uso. "Haya. Wanaoafiki, wanyoshe mkono."

Mikono minne ilipanda.

Wa nne ulikuwa wa Verla. Aliuona ukiwa juu ndipo akajua kwamba ameunyosha. Zaidi ya miaka sabini alikuwa akinyosha mkono kanisani kila Jumapili anapoulizwa kama anaafiki, na mkono ulikuwa umezoea kwenda wenyewe, haumsubiri mwenyewe.

"Mpango umepita," alisema Garn, akaanza kukunja ramani. "Mama, tufungie kwa sala."

Walikunja mikono, wakafumba macho. Verla alianza kama anavyoanza siku zote, akimshukuru Baba wa Mbinguni kwa nyumba, kwa chakula, kwa mvua ya mlimani. Kisha maneno mengine yakamjia ulimini yakiwa yamepangwa tayari: Baba, tukumbushe walikotoka wazee wetu, Baba, lainisha mioyo ya wanaopanga safari. Hivyo ndivyo dada yake LaRue alivyokuwa akisali enzi za uhai wake. LaRue aliwahi kumsema mumewe ndani ya sala ya chakula mpaka viazi vikapoa, na nani amkatize mtu anayezungumza na Mungu?

Verla aliyameza maneno hayo. Brynlee akafumbua jicho moja.

Aliona aibu. Alikuwa karibu kumfanya Mungu tarishi wa kumpelekea mwanawe barua, na mwanawe ameketi palepale, kiwiko kwa kiwiko. Akasema kwa jina la Yesu Kristo, amina, na sala ikaisha fupi kuliko zote walizowahi kumsikia akisali.

"Mama, unaumwa?" Kaylene aliuliza.

"Siumwi. Naurudisha mkono wangu."

Garn alibaki na ramani nusu imekunjwa. "Mkono upi?"

"Nilionyosha. Ulikwenda bila mimi."

Brynlee alicheka. "Bibi, hata bungeni hawafanyi hivyo."

"Bungeni hawana mti," Verla alisema, na akawaeleza: kamba, bembea, pete iliyomezwa na gome. Hakuchukua muda mrefu. Alisema hataki tunda. Anataka wauguse uvimbe ule mmoja mmoja, ili siku atakapokuwa hayupo, wapite pale wakiujua.

Garn alikaa chini. Alisema alijua kwamba mama alizaliwa kule, lakini habari ya mti hajaisikia hata siku moja. Alikuwa ameiruka Fruita makusudi. Aliogopa mama asije akasimama chini ya matawi matupu akalia, tena kwenye joto lile, na moyo ule.

"Nilidhani nakusetiri," alisema.

"Na mimi nilidhani jemu inasema. Tumekaa tukitengana kwa nyumba tatu tu, mwanangu, kila mtu anamsetiri mwenziwe."

Kaylene aliitandaza ramani upya bila kuulizwa. Alisema mji wa Torrey uko karibu na Fruita na una kanisa, na asubuhi chini ya miti ile kuna kivuli. Brynlee aliliaga bwawa la kuogelea kwa huzuni ya kuigiza, kisha akauliza kama pale kuna mto. Upo, Verla alisema, wa maji ya magotini.

"Basi tupige kura tena," Garn alisema. "Wanaoafiki?"

Mikono mitatu ilipanda. Wa Verla ulibaki mapajani, na safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyeushika.

"Bibi anangoja kusikia kwanza," alisema Brynlee. "Sema, Baba. Sisi ni mashahidi."

Garn alimtazama mkewe, akamtazama binti yake, kisha akamgeukia mama yake.

"Jumamosi jua halitazama kabla hatujafika Fruita," alisema. "Jumapili gari litatupeleka ibadani Torrey na kuturudisha, basi. Tutakaa chini ya mti wa babu, una tunda au hauna, na hatutaondoka mpaka kila mmoja wetu ameiona ile pete kwa vidole vyake."