Kongoni wa Mwaija

Msimu wa kuwinda ukifunguliwa, mimi ndiye mpishi wa kambi katika hifadhi ya vijiji vyetu, huku nyuma ya Miono. Mwaka huu mjukuu wangu Mwaija naye alikuwepo, tena si kunisaidia kuosha masufuria. Ni askari wa wanyamapori wa kijiji: magwanda ya kijani, buti, kisu kiunoni. Mwindaji haingii porini bila askari wa kumwongoza na kumchunga, na wiki ile zamu ilikuwa yake, mwanamke wa kwanza. Wazee wa kamati ya hifadhi walikubali shingo upande. "Akiharibu, arudi kupepeta mchele kwa bibi yake," walisema. Niliyasikia hayo.

Siku hiyo mwindaji alikuwa Sufiani, mwenye duka Bagamoyo mjini, anayeoza binti yake Ijumaa. Leseni yake ilikuwa ya kongoni dume mmoja, basi. Ukimjeruhi akakupotea, huyo huyo kahesabiwa, hupewi mwingine. Nyuma yao alifuata Mzee Kombo, mchinjaji wa kambi tangu hifadhi ianze.

Saa nne asubuhi nikasikia mlio mmoja wa bunduki. Nikachochea kuni. Gari liliporudi kongoni yumo, lakini hakuna aliyecheka. Kombo alishuka wa kwanza, matope mpaka magotini.

"Mize, mjukuu wako anataka kutulisha nyamafu!"

"Kwanza shikamoo zenu ziko wapi? Haya, semeni kilichotokea."

Mwaija akaeleza polepole. Kongoni alipigwa, akavuka korongo, akaanguka ng'ambo. Yeye alifika wa kwanza. Kombo alikuwa bado korongoni, kanasa kwenye tope, anapiga kelele asubiriwe.

"Alikuwa anahema kwa mbali, bibi. Ningesubiri angekufa. Nikamwelekeza kibla, nikasema bismillahi, nikachinja."

"Mwanamke hachinji!" Kombo akafoka. "Toka lini?"

Sufiani alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari, anajifuta jasho. "Na mimi nilipofyatua, kwa kiherehere, hata bismillahi niliisahau. Nilitegemea kisu. Nyama ya kutiliwa shaka nitaiwekaje mbele ya wakwe?"

Nikajua akiiacha nyama ile, Mwaija atavuliwa magwanda kabla ya jua kuzama. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikaenda kutazama. Mkato ulikuwa mmoja, haukurudiwa. Koromeo limekatika, umio umekatika, mishipa yote miwili imekatika, na damu imemtoka yote. Nimepika nyama miaka arobaini, mkato safi naujua.

"Kombo, njoo uuone."

Akaja, akainama, akatia kidole. Akakifuta kwenye suruali.

"Nilipokuwa mwari Kaole," nikamwambia, "nilisimama mlangoni na kuku mkononi mpaka adhuhuri, nangoja mwanamume apite anichinjie. Akapita mlevi wa tembo la mnazi, anayumba. Akachinja, tukala, na wewe ulikuwepo, ulikula paja. Mlevi achinje, Mwaija asichinje?"

Dereva akaangua kicheko. Kombo akasema, "Yale yalikuwa mambo ya zamani."

Sufiani akapanda juu ya gari kutafuta mtandao, akampigia mwalimu aliyemsomesha Kurani chuoni, akaweka sauti ya juu tusikie sote. Mwalimu akauliza: Mnyama alikuwa hai? Alikuwa hai. Aliyechinja ni Mwislamu, ana akili zake? Naam. Alitaja jina la Mungu? Alitaja.

"Sasa mnaniuliza nini?"

"Ni mwanamke, mwalimu."

"Nimesikia sauti ya mtu aliyekata tamaa, nikadhani mmechinja punda! Halali hiyo. Kuleni, na mimi mniletee mbavu."

Sufiani akashuka anacheka, akamwambia Mwaija, "Mwanangu, umeniokolea harusi." Nilikaanga ini kwa vitunguu na pilipili manga. Kombo alikaa pembeni na ugali wake mkavu, anatazama kwingine. Nikampelekea sahani ya ini. Akala kipande, akala cha pili, akaifuta sahani kwa tonge.

Mwaija alikuwa anajaza fomu ya windo: dume, urefu wa pembe, saa, mahali.

"Kwa mchinjaji umeandika nani?" Kombo akauliza.

"Bado, babu. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Andika jina lako. Kamili, mpaka la babu yako. Na uandike kwa kalamu ya wino, kamati waione."

Akaandika. Mimi nilisimama nyuma yake na mwiko mkononi, nikalisoma jina lile herufi moja moja.